Vidato Kumi na Tisa

Mizani ya zahanati ya Langoni ilikoma mia na hamsini,
sindano ikatetemeka, ikakataa.
Basi wakanipima kwa Bunu, ghalani, baada ya isha,
kwenye mizani ya magunia ya mkaa.
Shekuwe alishika taa ya simu, uso kaupa ukuta,
na Bunu, Mungu amjaze, akaisoma namba kwa sauti ya chini
kama mtu anayetaja deni la marehemu.

Mombasa wakanambia: tumbo tutalikata,
tutakuachia la ukubwa wa ndizi.
Lakini kwanza, akasema Bi Mghoi wa mazoezi,
tembea nikuone.
Koni mbili za rangi ya chungwa, ukumbi mrefu, saa mkononi mwake.
Dakika sita.
Nilidhani dakika sita ni muda wa kuchemsha yai.
Sikujua ni nchi, na ina vilima.
Mita mia mbili na kumi, na kiti nilichokiomba mara mbili.

"Kisu hatukiogopi," akasema. "Tunaogopa pafu lililolala.
Usingizi tutakupa sisi.
Kuamka, kajifunze kwenu."
Akanipa kidude cha plastiki chenye vigoroli vitatu,
nivute pumzi vipande juu.
Cha kwanza kilipanda.
Wenziwe walinitazama tu.

Wifi yangu Zena, mdomo hauna mlango:
"Kama wenda kukatwa, mazoezi ya nini?
Na kama una mazoezi, kukatwa kwa nini?"
Sikumjibu.
Si kwamba sikuwa na jibu;
sikuwa na pumzi ya kulibebea.

Basi wiki kumi na mbili,
baada ya alfajiri, kabla madaka hayajapata wakaaji,
buibui juu, chini raba za mwanangu Nuru,
Mkomani hadi gatini, gatini hadi Mkomani.
"Bi Barke afukuzwa na nani?"
Na nazi nikaacha kununua iliyokunwa:
nikaikuna mwenyewe, nikainuka kwenye mbuzi
bila kushika ukuta. Mara tano kila nazi.
Siku ya kwanza niliinuka mara moja,
mbuzi nayo ikainuka nami.

Vichochoro vyetu vina sheria yake.
Nikikutana na punda wa matofali, mmoja wetu arudi nyuma.
Mwezi wa kwanza alirudi punda,
nami nikaegemea ukuta nikihema, mwenye punda akitazama angani.
Mwezi wa tatu bado hurudi punda.
Ila sasa humsalimu mwenyewe, na jina la mamake namuuliza.

Kilo zilizotoka ni saba. Saba!
Mahamri ya watu nayakanda kila siku, iliki puani,
nami wiki ya pili hii ni supu na maziwa,
ati ini lisinyae, lipishe vyuma vya daktari.
Usiku mmoja nililamba mwiko.
Nimeshasema.

Kesho ni Mokowe, kisha basi.
Leo adhuhuri nimepanda darini kwangu,
miaka minne sijapaona.
Vidato kumi na tisa, vya fundi aliyewachukia wenye magoti.
Cha saba nilisimama. Cha kumi na mbili nilimtukana fundi.
Juu, mkebe wangu wa rehani umebaki udongo,
paka wa jirani kazaa ndani ya beseni langu la bluu
na akanitazama kama mgeni asiyebisha hodi.
Nikaanika gauni la safari kwa mkono wangu.
Nikakaa. Nikakitoa kidude.
Vigoroli viwili, na cha tatu kikaruka kidogo,
kama aliyeitwa kwa jina akasita.

Nikashuka kwa ubavu, polepole, hadi chini kabisa,
ndipo mfukoni vikalia: vibanio.
Na upepo ule, na gauni lile.
"Ngoja mama, naenda mimi," akasema Nuru.
Kaa, mwanangu.
Nilikuwa nishafika cha nne.